Vidaka vya Nyumba za Pwani: Asili Yake, Kazi Yake na Mapambo Yake

Siku moja, katika skuli tuliyokuwa tukifundisha upande wa Mtambile, kisiwani Pemba, tuliwauliza watoto wa darasa, "Kidaka ni nini?" Mkono wa kwanza ulioinuka ulikuwa wa mtoto wa mkulima wa minazi, akajibu, "Kidaka ni nazi changa kabisa, mwalimu, kabla haijawa kitale." Jibu lilikuwa sahihi, wala hatukuweza kulikataa. Mtoto wa pili akasema kuwa kidaka ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, yaani kidakatonge. Na hilo nalo halikuwa mbali na kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kuwa kidaka ni uwazi ulioachwa katika unene wa ukuta, usiopenya upande wa pili, wa kuwekea taa na vyombo. Na katika darasa lile walikuwamo watoto watano au sita ambao bibi zao walikuwa na vidaka majumbani mwao, nasi tulikuwa tumeviona kwa macho yetu.

Jambo hilo ndilo lililotusukuma kuandika maneno haya. Kitu kikitoweka, neno lake hubaki kidogo kama moshi baada ya moto, kisha nalo huenda zake. Tena tunalo deni letu wenyewe katika habari hii ya vidaka, nasi tutalikiri mahali pake. Kwanza natuanze na neno, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi.

1. Neno lenyewe

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, kazi ya Kamati ya Lugha chini ya Frederick Johnson, huliweka neno hili kidaka kwa maana zote mbili, ya ukuta na ya mnazi. Watu wa Lamu hawasemi vidaka, bali husema zidaka, kwa kuwa katika Kiamu mahali petu pa vi- huwa zi-: wao husema zitu na zombo, nasi husema vitu na vyombo. Ndiyo sababu wageni walioandika juu ya nyumba za Lamu hulitumia neno zidaka, hata wasomaji wengine wakadhani kuwa ni neno jingine. Sivyo. Ni neno letu lile lile katika vazi la kaskazini.

Tena Lamu liko neno daka. Hilo ni sebule ndogo ya mlangoni, yenye mabaraza ya mawe huku na huku, mahali wanapokaa wageni wasiofika ndani. Kwa umbo la maneno haya mawili, twaweza kuyaweka pamoja kama mkubwa na mdogo: daka ni mahali ukuta unapompokea mtu, na kidaka ni mahali ukuta unapokipokea chombo.

Jirani wa kidaka ni shubaka. Neno hili latoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni dirisha. Lakini kwetu shubaka ni tundu lisilopenya, wala halionyeshi nje. Basi neno lilipovuka bahari dirisha lake likazibwa, kwa maana sisi tulikwisha kuwa na neno dirisha, lenye asili ya Kiajemi. Na rafu, yaani ubao uliopigiliwa ukutani wa kuwekea vitu, nalo ni neno la Kiarabu.

Lipo na neno moja la Kibantu ambalo twalipenda kuliko yote. Mti ule unaolazwa juu ya ukuta, paa likakaa juu yake, huitwa mbati, na wengine huuita mtambaapanya. Aliyelitunga jina hilo alilala chali kitandani usiku mwingi, akitazama juu. Katika nyumba ya udongo, hapo juu ya ukuta, kati ya mtambaapanya na makuti, ndipo mahali pa juu kabisa pa kuwekea kitu: mundu usishikwe na watoto, juzuu iliyofungwa katika kitambaa, mbegu za mwaka ujao. Kila nyumba ya binadamu ina mahali pa namna hii, palipo juu mno kwa mkono na padogo mno kwa kabati, na kila kabila la watu limejiuliza papambweje.

2. Vidaka katika magofu

Mwenye kutaka kujua ukale wa kidaka na asiende kwanza katika nyumba zinazokaliwa, bali katika magofu. Kule Songo Mnara, karibu na Kilwa, na kule Gedi, karibu na Malindi, kuta za nyumba za mawe zina vidaka, na vingine ni vidogo vya taa, vilivyowekwa karibu na milango. Gedi ilichimbwa na James Kirkman tangu mwaka 1948, na habari zake zikajulikana na wengi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Basi kidaka si jambo la jana. Kimekuwapo pwani tangu zamani za miji ile, kabla Mreno hajafika.

Sisi wa Pemba tunayo magofu yetu. Iko Ras Mkumbuu, kwenye rasi ndefu magharibi ya Chake Chake, penye msikiti na makaburi ya minara. Iko Chwaka, upande wa Tumbe, kaskazini. Iko Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilionekana fedha za kale zaidi ya 2,000, ndogo ndogo za madini ya fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Na iko Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, boma lililozungukwa na ukuta na handaki, ambalo watu husema ni la Mkama Ndume. Adria LaViolette, mtaalamu aliyechimba Pujini, ameliweka boma lile katika karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16.

Kule Pujini wazee husimulia kuwa Mkama Ndume aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Hatusemi kuwa ndivyo ilivyokuwa. Twasema kwamba hivyo ndivyo watu walivyokumbuka. Kumbukumbu hiyo yafaa kuwekwa kando ya kila sifa ya nyumba za mawe, maana jiwe halikujipeleka lenyewe ukutani. Katika miji ya pwani wengi waliochimba mawe, waliochoma chokaa na waliochota maji walikuwa watumwa, na aliyefuta vumbi katika vidaka aghalabu hakuwa mwenye vyombo vile. Mwalimu atakayewafundisha watoto uzuri wa kidaka na asilifiche jambo hili.

Hata kaburini kidaka kilifika. Juu ya makaburi ya minara na kuta za makaburi, kama kule Kunduchi na Mambrui, mafundi waliacha mashimo ya mviringo, wakapachika humo mabakuli na sahani za Kichina. Basi aliyekuwa na sahani ukutani mwake alipokuwa hai, alipambwa kwa sahani ukutani mwake alipokufa.

3. Jinsi kilivyojengwa

Ili tuelewe kwa nini kidaka kikawa, yatupasa kwanza kuijua nyumba. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo katika tanuu. Kuta zake ni nene, futi moja na nusu au zaidi. Dari yake hubebwa na boriti za mikandaa, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu ipasavyo, upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Kwa hiyo vyumba huwa virefu na vyembamba, kama mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu.

Katika nyumba za kale za Lamu, vyumba hivyo vilipangwa kimoja nyuma ya kingine. Mgeni aliingia dakani, akapita tekani, akafika kiwandani, yaani uani pasipo paa. Kutoka hapo palikuwa na misana miwili, wa chini na wa juu, kisha chumba cha ndani. Kila ulipozidi kuingia, sakafu ilipanda kidogo na mwangaza ulipungua. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, ameeleza jinsi mpango huo ulivyofuata heshima: mgeni wa nje huishia nje, jamaa husogea, na mahali pa ndani kabisa ni pa wenyewe, pa wanawake, pa kuzaliwa na pa kufa.

Sasa fikirini: chumba chembamba, kisicho na dirisha, chenye giza, tena ndicho chumba chenye heshima kuliko vyote. Utakijaza makabati? Hakuna nafasi. Utatundika picha? Hazitaonekana. Fundi wa kale alipata shauri jingine. Aliuchukua unene wa ukuta, uliokuwa hauna kazi, akaufanya uwe mahali. Aliacha nyuazi ndogo ndogo, safu juu ya safu, akazipaka lipu nyeupe ya chokaa, akazichonga kingo zake kwa nakshi. Mwangaza mdogo uliotoka kiwandani, ukapita misana yote miwili, ulipofika ule ukuta mweupe ulishikwa na kingo zile, na kila kidaka kikawa na upande wa nuru na upande wa kivuli. Ukuta uliokuwa mwisho wa nyumba ukaonekana kana kwamba waendelea.

Kuta nyingi za namna hii zilizobaki Lamu ni za karne ya 18, wakati mji ule ulipositawi kwa biashara. Ziko kuta zenye makumi ya vidaka. Fundi hakuvifanya vyote sawa. Vikubwa aliviweka mahali fulani, vidogo mahali fulani, kwa ulinganifu wa kuume na kushoto, hata jicho la mtu aliyekaa chini juu ya mkeka likapanda polepole mpaka juu bila kuchoka. Natuliangalie hilo neno "aliyekaa chini." Nyumba ile haikupambwa kwa ajili ya mtu anayesimama. Ilipambwa kwa ajili ya aliyeketi, na ndiyo maana pambo liko juu.

Ama katika nyumba ya udongo, ambayo ndiyo nyumba ya wengi wetu Pemba, kidaka ni kazi nyepesi zaidi. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, kisha hukandikwa udongo. Mwenye nyumba akitaka kidaka, huuacha mwanya kati ya fito na fito, akaukandika vizuri pande zote na nyuma, akaulainisha kwa kiganja. Hakiwi kirefu kwenda ndani, maana ukuta wenyewe si mnene. Chatosha kibatari, kiberiti na kikombe. Hakina nakshi. Lakini kazi yake ni ile ile, na mkono uliokilainisha waonekana humo kwa alama za vidole, jambo ambalo halionekani katika lipu ya Lamu.

4. Vyombo, na sababu ya kuviweka

Ndani ya zidaka za Lamu viliwekwa vyombo vya thamani, hasa sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina, pamoja na vitu vingine vilivyotoka ng'ambo. Nyumba zetu za udongo ziliweka kwa kadiri zao: mrashi, chetezo, kopo la wanja, bakuli la bibi. Swali ni hili: kwa nini vyombo vya kulia vikapandishwa ukutani, visiliwe?

Jibu la kwanza ni la dhahiri. Chombo kilichovuka bahari ni mali, na mali ikionekana humpa mwenyewe jina. Mfanya biashara aliyekuja kukopesha au kukopa, aliyeona daka zuri na kusikia habari za zidaka, alijua kuwa nyumba hii si ya juzi na haitahama kesho.

Jibu la pili ni la arusi. Bibi arusi alionyeshwa ndani mbele ya wanawake wenziwe, na nyuma yake ulikuwa ukuta wa zidaka. Vyombo vile vilikuwa ushahidi kwamba amepokewa katika nyumba yenye heshima. Tena nyumba katika miji ya kaskazini mara nyingi ilikuwa ya mwanamke, kwa kuwa baba alimpa binti yake nyumba aolewapo. Basi tunaposema mapambo ya nyumba, tusidhani kuwa twasema mambo ya upuuzi. Twasema juu ya kitu alichokimiliki mwanamke katika zama ambazo hakumiliki vingi.

Jibu la tatu ni la hofu. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, ameeleza kwamba watu waliziona sahani na zidaka kuwa kinga. Chumba cha ndani ndicho mlimotokea mambo mazito, kuzaa na kufa na arusi. Na katika mambo hayo watu waliogopa husuda na madhara. Jicho la hasidi likiingia lilipata cha kutazama kabla ya kumfikia mtu, na sahani ikipasuka ilisemekana kuwa imechukua shari.

Twajua kwamba wasomaji wetu wengine watakunja uso hapa. Na wasome tena kwa utulivu. Si kazi ya mwandishi wa historia kuwacheka watu waliokwisha kufa kwa sababu ya yale waliyoyaogopa. Mwanamke aliyejifungua katika giza, pasipo mganga aliyesomea, alikuwa na haki ya kuogopa. Naye akaizungushia hofu yake sahani nyeupe zenye maua ya samawati. Ziko njia mbaya zaidi za kuogopa.

5. Pemba na sahani za karafuu

Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba haikupata hasara kama ile, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho chenye karafuu nyingi. Fedha iliingia, ijapokuwa haikuingia kwa wote. Waliozichuma walikuwa watumwa mpaka utumwa ulipokomeshwa kwa sheria mwaka 1897, na wengi waliendelea kuchuma katika mashamba yale yale baada ya hapo, kwa mapatano mapya.

Wakati huo huo sahani za Kichina zilipungua sokoni, na mahali pake zikaja sahani za Ulaya. Viwanda vya Maastricht, katika Uholanzi, vilitengeneza sahani na mabakuli yenye maua makubwa na rangi kali, na vingi vilisafirishwa mpaka pwani yetu. Sahani hizo zilikuwa rahisi kuliko kaure. Basi jambo lililokuwa la wakubwa wa Pate na Lamu likawafikia watu wa kawaida: mke wa mkulima naye akaweza kuwa na sahani moja ya ukutani. Asiyekuwa na kidaka alitoboa ukingo wa chini wa sahani, akapitisha uzi, akaitundika msumarini.

Sisi tumeiona sahani moja ya namna hiyo katika nyumba ya udongo, si mbali na Mtambile, zinapoachana njia ya Mkoani na ile ya kwenda Kengeja. Mwenyewe alikuwa bibi mzee. Ilikaa katika kidaka peke yake, ikiwa imeegemezwa ukutani, na ufa uliipita katikati. Tulimwuliza kama huila chakula siku ya sikukuu. Akatutazama kama tuliouliza swali la kitoto, akasema, "Mwanangu, sahani hii haijapata kushiba. Mama aliniachia niitazame."

6. Je, ni ubatili?

Wako wanaosema kuwa pambo la nyumba ni ubatili mtupu, na wanaye shahidi mkubwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga Al-Inkishafi, shairi la kuionya nafsi yake mwenyewe, na humo akaeleza magofu ya mji wake: nyumba zilizokuwa na taa sasa ni tupu, na vidaka vilivyokuwa vya sahani za kaure sasa ndege wamefanya viota humo. Padre W. E. Taylor wa Mombasa alilitafsiri shairi hilo, na tafsiri yake ikatolewa katika kitabu cha Stigand mwaka 1915. Baadaye William Hichens akalitoa tena mwaka 1939. Hivyo maneno yale yamesomwa na wengi.

Twakiri kwamba Sayyid Abdalla alitaka kufundisha kuwa dunia yapita. Lakini natutazame ni kitu gani alichokichagua ili kuonyesha msiba wa Pate. Hakuchagua ngome wala hazina peke yake. Alikitaja kidaka. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu wa pwani aliyemsikia alijua kwamba kidaka ndicho kitu cha mwisho kuachwa kitupu. Nyumba yaweza kukosa chakula na kidaka kikabaki na sahani yake. Kidaka kikiingia ndege, jua kwamba hakuna mtu tena. Basi mshairi alipokikemea kidaka kwa ulimi mmoja, kwa ulimi wa pili alikishuhudia kuwa kilikuwa roho ya nyumba. Mtu halii juu ya kitu kisicho na thamani.

Na hii ndiyo hukumu yetu. Ubatili hauko katika sahani wala katika ukuta. Uko katika mtu anayependa kidaka chake kuliko mgeni anayekitazama.

7. Kosa letu

Tuliahidi kukiri deni letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa vijana katika kazi ya ualimu, tulifundisha somo la afya kwa bidii kubwa. Tuliwaambia watoto kuwa vidaka ni makao ya mende na vumbi, kwamba moshi wa kibatari huchafua ukuta, na kwamba nyumba ya kisasa ina kuta laini. Maneno yetu yalifika majumbani. Mama mmoja, kwa kumheshimu mwalimu, alikiziba kidaka chake kwa udongo, akakilainisha hata hakuna aliyejua kilikuwa wapi.

Baada ya miezi mtoto wake hakufika skuli siku tatu. Tulikwenda kumtazama. Alikuwa amelala, mguu umefungwa kitambaa. Usiku alikuwa ameamka, akakipiga teke kibatari kilichowekwa chini sakafuni. Mafuta yakamwagika, mkeka ukashika moto, na mguu ukaungua. Mungu alimponya, akabaki na kovu. Mama hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, zamani taa ilikuwa na mahali pake."

Neno hilo hatujalisahau. Sisi tuliona vumbi, hatukuona taa. Tulikitazama kitu cha wazee kwa macho ya kitabu, tukauliza "kina ubaya gani?" kabla ya kuuliza "kina kazi gani?" Na walimu wenzetu, na mapadre pia, wakijichunguza, huenda wakakuta nao wamewahi kuziba kidaka cha mtu, kama si cha udongo, basi cha namna nyingine.

8. Yaliyobaki kwetu

Mwaka 2010 waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba, na taa ikahamia darini. Nyumba nyingi sasa hujengwa kwa matofali ya saruji ya nchi sita, na ukuta wa nchi sita hauna unene wa kutoa kidaka. Bibi tuliyemtaja alihamishiwa nyumba ya namna hiyo na wanawe, nyumba nzuri yenye paa la bati, nasi twawasifu kwa kumtunza mama yao. Lakini sahani yake ilikosa mahali. Iliwekwa juu ya kabati, kisha chini ya kitanda, na mwisho ndani ya sanduku.

Hatuwaambii watu warudi katika nyumba za udongo. Twasema kwamba fundi wa kale ametuachia kanuni, na kanuni haina haja ya unene wa ukuta. Hata katika nyumba ya saruji kuna mahali pagumu: juu ya kizingiti cha mlango, juu ya ukuta usiofika darini, pembeni penye nguzo iliyotokeza. Watu hupaacha patupu, au hupajaza maboksi na maua ya plastiki mpaka pakawa ghala. Mzee wa zidaka angetuambia mambo manne.

La kwanza, keti chini kabla ya kupamba, uone kile atakachokiona mgeni wako. La pili, kila kidaka kichukue kitu kimoja. Vitu vitatu katika kidaka kimoja ni mzigo, si pambo. La tatu, weka juu kile kisichoguswa kila siku, kwa maana cha kila siku kikiwekwa juu kitamwangusha mtu. La nne, weka kitu chenye mtu nyuma yake: sahani ya mama, kawa iliyosukwa na shangazi, kitabu cha marehemu. Kitu kilichonunuliwa ili kujaza nafasi huijaza nafasi, na hakuna zaidi.

Na kwa walimu tuna ombi moja. Wapelekeni watoto wakaulize kwa bibi zao majina ya sehemu za nyumba: mbati, mtambaapanya, kombamoyo, kidaka, shubaka, rafu. Waandike, tena wachore. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na hilo ni jema. Lakini hakuna atakayeiandika nyumba ya udongo ya Mtambile isipokuwa mtoto wa Mtambile.

Sisi tulifanya hivyo baada ya siku ile ya swali. Juma lililofuata mtoto mmoja alileta kipande cha karatasi, amechora ukuta, na katikati ya ukuta mraba mdogo, na ndani ya mraba sahani yenye ufa. Alikuwa mjukuu wa bibi yule. Chini yake aliandika: "Kidaka. Sahani ya bibi imo sandukuni. Baba amesema atapiga ubao."

Tulipopita tena nyumbani kwao ubao ulikuwa umepigwa, juu ya mlango wa chumba cha bibi, mahali anapoweza kuutazama akiwa ameketi kitandani. Haukuwa kidaka. Lakini sahani ilikuwa juu, na bibi alikuwa akiitazama.